Majina ya Kuombewa Dua

Kidawa hakumpa mwanawe kalamu mpaka vidole vilipokomaa. Sada alianza na mtama akiwa na miaka minne, ungo mapajani, akitoa vijiwe kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Kisha akapewa ukindu asuke ukili wa mkeka. Ukipinda, mama yake alisema, "Fumua. Mkono mzito hauandiki, unalima." Mwisho akamwagiwa mchanga laini kwenye sinia, akachora alifu na be kwa kidole, na kila alipokosea alitikisa sinia akaanza upya.

Hivyo ndivyo Kidawa mwenyewe alivyofundishwa na marehemu baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani pale pale Mchinga. Jirani yake Mastura alimcheka.

"Mtoto wa kike huyo, Kidawa! Unamwandaa aolewe na karani?"

"Ataolewa na anayemtaka. Ila barua yake hatasomewa na mtu."

Alipotimiza saba, Sada aliandika majina kwenye karatasi kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, bila kudondosha hata tone.

Mwaka huo watu walichoka na shamba la pamba la Mdachi, na kiboko chake. Dadi, mume wa Kidawa, alikunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi na wenzake sita, wakaondoka kwenda vitani. Kijiji kizima kilinyamaza. Akida wa Wadachi aliona wanaume wamepungua, asijue nani kaenda vitani na nani kaenda Rondo kutafuta chakula.

Wanawake wa nyumba zile saba wakataka waume zao wasomewe dua. Kwa desturi, anayeombewa hutajwa kwa jina, na majina huandikwa ili mwalimu asisahau hata mmoja. Kidawa akamwita Sada.

"Wa kwanza Baba," Sada akasema.

"Haya, Baba."

Akaandika la baba yake, kisha la Babu Likwata. Likwata alikuwa kijana wa miaka ishirini, lakini alirithi jina la babu yake Sada, basi Sada alimwita Babu, naye akamwita mke wangu. Dunia nzima hakuna mwingine aliyemwita Likwata Babu.

Mwalimu aliyeshika chuo baada ya baba yake Kidawa alikuwa amehamia Lindi. Wa kumpelekea karatasi alikuwa mmoja tu, Abdulatifu, kaka yake Kidawa, karani wa akida, aliyekwenda Lindi kila wiki.

"Karani huyo," Mastura alionya.

"Ni mjomba wa mtoto," Kidawa akajibu. Kwao mjomba ndiye mwenye mtoto kuliko hata baba. Hakuona la kuongeza.

Abdulatifu aliisoma, akatabasamu. "Mkono wa marehemu baba huu! Nitamkabidhi mwalimu mwenyewe."

Baada ya mwezi wanaume wakarudi mmoja mmoja, maji yamewadanganya. Wakashika majembe kama watu ambao hawakwenda popote. Dadi alilima siku nne.

Siku ya tano, Sada akiwa kisimani, askari wakaja na akida. Akida akafungua karatasi yake, akasoma.

"Dadi! Babu Likwata!"

Watu wakatazamana. Likwata mwenyewe, masharubu hayajaota vizuri, akageuka kumtazama Kidawa. Majina matano yaliyobaki Kidawa aliyajua kabla hayajatajwa, kwa mpangilio ule ule aliouandika Sada.

Wote saba walifungwa kamba shingoni, wakapelekwa Lindi. Ijumaa wakanyongwa.

Abdulatifu alikuja matangani siku ya tatu, na kilo ya mchele. Kidawa alimzuia kibarazani.

"Uliniambia kwa mwalimu."

"Dada, akida aliniambia nilete majina au niletwe mimi. Ungetaka ninyongwe mimi?"

"Ningetaka uniambie hivyo siku ile. Ningeichana mbele yako."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Kidawa alivuta pumzi ampigie kelele, matanga yote yasikie mwana wa mama yake ni mtu gani. Sada akatokea mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, ile karatasi yangu mwalimu aliisoma?" Mikono ameificha nyuma. "Maana Baba amekufa. Au niliandika vibaya?"

Abdulatifu alitazama chini. Kidawa aliona: akisema kweli sasa, kaka yake ataaibika leo, na mtoto atabeba karatasi ile maisha yake yote.

"Uliandika vizuri mno," akasema. "Mwalimu aliisoma yote. Siku ya baba yako ilikuwa imefika. Mwambie, Abdulatifu."

"Aliisoma," Abdulatifu akasema. "Alikusifu sana."

Sada akaitoa mikono. Akauchukua mkono wa mjomba wake akaubusu, kama alivyofundishwa. Kidawa akasimama pale akimtazama, wala hakumzuia.