Maneno Mia Nne ya Prayong

"Dada Bunsi, mtu aandike miezi minane, atoe maneno mia nne tu?"

Jirani yangu Wanida aliniuliza hivyo hekaluni, siku ya kuuchoma mwili wa marehemu mume wangu. Vitabu vya kumbukumbu yake, ambavyo kwetu hugawiwa msibani, vilikuwa mezani, wageni wakichukua kimoja kimoja.

Prayong aliandika maisha yake kila alasiri kwenye kompyuta kuukuu ya skrini nyeusi, mimi nikimenya vitunguu saumu karibu naye. Aliniomba jambo moja: "Yatiwe kitabuni, mke wangu." Nikamwahidi mbele ya sanamu ya Buddha.

Kitabu kilishughulikiwa na kaka yake, Udom, aliyefanya kazi Singapore miaka mingi. Alipofungua faili kwenye kompyuta yake, herufi za lugha yetu zilitoka kama vijisanduku vitupu. Akacheka. "Usijali shemeji, mashine itatuambia." Akaandika amri fupi, zikatoka namba tatu. Akasoma ya maneno, nyingine akaziacha. "Mia nne! Ukurasa mmoja. Mdogo wangu alikuwa anasinzia pale." Akamwambia mchapaji aweke mahubiri badala yake.

Vidole vya Prayong niliviona vikihangaika siku zote zile. Lakini mimi niliyeishia darasa la nne ningesema nini? Jana ndipo nikampa Wanida nakala ya faili, kwa kuwa anafundisha kompyuta.

Sasa akamwita Udom.

"Kaka, maneno uliyahesabu?"

"Niliyahesabu. Mashine haina upendeleo, mwalimu."

"Mashine inajua neno limekwisha ikiona nafasi. Huko Singapore uliandika Kiingereza, sawa. Sisi nafasi tunaacha wapi?"

Sisi kwa lugha yetu huandika maneno yameshikana mpaka wazo liishe, ndipo tunaacha nafasi.

"Namba ya herufi hukuitazama? Elfu ishirini na mbili! Kuna mafuriko mle, kuna harusi yao. Nimesoma nikalia."

"Basi... tutachapa kingine."

"Wageni hawa utawaita tena lini, shemeji?" nikamwuliza. "Na mwenyewe anachomwa saa kumi."

Udom akachukua kitabu kimoja, akakifungua katikati, penye mahubiri. Akakitazama. Akakirudisha juu ya vingine, akakinyoosha kilingane navyo, kisha akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.