Yule wa Kijivu

Mwanga hufika Mgeta umechelewa, maana sharti kwanza uupande mlima. Ukifika, humkuta ndege chozi, dume, keshatua juu ya ua la mgomba. Jua likimpata, kichwa ni kijani cha kung'aa, koo zambarau, kifua chekundu kama kaa. Wingu likimfunika, ni mweusi tu.

Stefano alimjua ndege huyu kuliko alivyozijua sala zake. Alijua kwamba hukaa ukingoni mwa msitu wa juu, penye ukungu na miti yenye ndevu, wala hashuki Morogoro mjini hata kwa kuitwa. Alijua anavyouzamisha mdomo wake uliopinda ndani ya ua, anavyowafukuza wenzake, anavyoimba asichoke. Kwa ulimbo wa utomvu wa mkuyu alikwisha kuwanasa wengi.

Na yule mdogo wa kijivu aliyerukaruka majanini karibu naye? Alinaswa pia, mara nyingi. Stefano alimpangusa mbawa, akamwachia. Alimdhani ndege mwingine, asiye na maana.

Baada ya vita, mwaka wa baridi kali, Mzungu mmoja mkusanyaji wa ndege alipiga hema karibu na misheni. Madume alikwisha kuwapata. Alitaka jike, na malipo yake yalikuwa blanketi la sufu. Aliposema kwamba jike ndiye wa kijivu, Stefano alicheka, kisha akawakumbuka wale aliowaachia. Usilolijua ni usiku wa giza, hata ukiwa umelishika mkononi mara kumi.

Nyumbani, mkewe Yuliana alikuwa na mimba ya miezi minane, na baridi ya Julai Mgeta haina huruma. Walikuwa na shuka moja, na mtoto wao wa kwanza, Alois, alikuwa keshajiviringisha ndani yake.

Alimnasa jike siku ya pili. Mdomoni alikuwa na utando wa buibui. Hatua tatu mbele, tawini, kilining'inia kiota chake, kikoba cha majani makavu, nusu kimeshonwa, chini kiko wazi. Stefano alikitazama, akaona aibu, akamtia ndege mfukoni.

Mzungu alimchuna, akamjaza pamba, akamfunga kikaratasi mguuni, akalitoa blanketi.

Yuliana alisimuliwa yote huku amejifunika sufu hadi kidevuni. Hakuirudisha. Aliuliza tu:

"Baba Alois, ile nyumba ataimaliza nani?"

Mtoto alizaliwa salama, msichana, akalala bila kutetemeka. Baba yake alifurahi, na angefanya vilevile tena. Tusimsingizie majuto yasiyo yake. Lakini aibu ilibaki.

Wiki nzima dume aliimba kando ya kile kikoba. Kuimba hakushoni. Ukungu ulikilowesha, upepo ukakichana.

Mwanga bado hufika Mgeta umechelewa. Jua humpata dume, naye huwaka kijani, zambarau na nyekundu, na wapita njia husimama kumtazama. Stefano hamtazami. Macho yake hushuka chini ya ua, majanini, yakitafuta kitu cha kijivu kilichobeba uzi mdomoni.