Mikono ya Marthana

Nilikuwa na kiherehere cha kujua kilichoko nyuma ya lile pazia. Katika nyumba tuliyofanyia sala sisi waumini, pale juu ya mto Frati, mlikuwa na birika la kubatizia, na mbele yake pazia zito la sufu. Wanawake waliingia kimya, wakatoka wamelowa, wananukia mafuta, wanacheka. Ukiwauliza walikwambia, "Zamu yako itafika, Shalmat."

Zamu ilipofika, mume wangu Malku, mkamua zeituni asiyemwamini Mungu wetu, alinionya mara moja tu. "Nenda. Lakini mwanamume akikugusa usirudi kwangu, na mtoto humwoni tena."

Sikuogopa. Kuwavua wanawake nguo, kuwapaka mafuta mwili mzima na kuwashusha majini ilikuwa kazi ya Marthana, shemasi wetu, mjane mwenye ulimi mkali. Ndivyo nilivyokuta mambo.

Alfajiri ile nikamkuta Evagro, askofu mpya, kijana kutoka Antiokia, amesimama mbele ya pazia na chupa ya mafuta mkononi.

"Kuanzia leo mwanamke hahudumu huko ndani," akasema. "Mafuta matakatifu nitapaka mimi."

Nikageuka. Malku alikuwa mlangoni, amefunga mikono kifuani. Alikuja kushuhudia mwenyewe. Nilikuwa nimeungoja ubatizo ule kwa hamu, lakini mwanangu je?

"Haya, baba askofu," Marthana akasema. "Shalmat akishavua, umpake kuanzia utosini hadi nyayoni. Usisahau nyuma ya magoti."

"Kote huko?"

"Kwani kwenu Antiokia mnabatiza kichwa peke yake?"

Wanawake wakaangua kicheko. Evagro akaiva kwa haya shingo nzima.

"Nitafumba macho."

"Utatumbukia birikani, mwanangu, halafu tukuopoe sisi sisi wanawake. Na yule bwana pale mlangoni ndiye mumewe. Kamwombe ruhusa kwanza."

Evagro akamtazama Malku. Malku akakohoa. Chupa ikahamia mikononi mwa Marthana, na askofu akabaki upande wake wa pazia, akisema sala kwa sauti.

Basi nikaingia. Hapakuwa na siri yoyote: birika, taa, shuka la kujifutia, na vidole vya Marthana vilivyokakamaa kwa uzee. Alinipaka kama mama anavyompaka mtoto, nami machozi yakanitoka. Nilipoibuka majini mara ya tatu nikamnong'oneza, "Mama, nani amenibatiza? Yeye au wewe?"

"Hata mimi huwa najiuliza," akasema. "Hebu futa pua."

Tulipofika nyumbani Malku akaushika mkono wangu, akaunusa kama anavyonusa mafuta ya wenzake sokoni.

"Nani kakupaka?"

"Marthana. Hakuna mwingine aliyenigusa."

Akanusa tena, akakunja uso. "Mafuta gani haya? Yameshachacha."

Akamchukua mtoto kwa mama mkwe wangu, akaniwekea kifuani. Kisha akaingia ghalani, akatoka na mtungi wa mafuta ya mkamuo wa kwanza, yale asiyomuuzia mtu.

"Mpelekee yule bibi," akasema. "Mkononi mwake, Shalmat. Siyo kwa yule kijana."