Kuku wa Intavyuu

Tangazo lilisema wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili. Nililisoma nikacheka kwa hasira. Kila ofisi inautaka uzoefu na hakuna hata moja iliyo tayari kuutoa. Mimi nilikuwa na diploma, na miezi mitatu ya attachment, yale mazoezi ya kazi ya chuo, ambapo kazi yangu kubwa ilikuwa kutoa fotokopi na kumchemshia mkubwa chai. Nikatuma maombi hivyo hivyo, kwa ubishi tu.

Wakanipigia simu. Mwanamume aliyejitambulisha kama Wabwile alisema nifike Bungoma Alhamisi asubuhi, kwenye ofisi yao ya bima ya mazao na mifugo pale Kanduyi. Walitafuta karani wa kupokea wateja. Niliruka nikagonga kichwa kwenye ubao wa kibanda chetu, na wala sikusikia maumivu. Tangu nimalize chuo nilikuwa namsaidia mama kuuza mitumba hapo Matisi, Kitale, na watu walikuwa wameanza kuniuliza "Bado?" kwa sauti ile ya kumjulia hali mgonjwa.

Mama anaitwa Rosaline, na ni mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana akasikia.

"Huyo Wabwile ni mtu wa Bungoma?" akaniuliza.

"Nadhani."

"Basi huendi mikono mitupu. Watu wa huko, bila kuku hujawaheshimu."

"Mama, ni intavyuu. Wataona ni hongo."

"Hongo ni pesa. Kuku ni salamu. Ama unataka kuingia kwa wenyewe kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi?"

Nilibishana naye usiku huo, nikabishana naye kesho yake. Alhamisi nikaondoka Kitale na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, vyeti ndani ya bahasha, na kuku wa kahawia aliyefungwa miguu ndani ya kiondo, juu kafunikwa leso. Ndivyo ubishi na mama unavyoisha.

Hata hivyo nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Njia nzima midomo ilijisemea majibu ya Kiingereza yenyewe. Nilikuwa nimepanga kumwacha yule kuku na soja wa geti, lakini nilipofika geti halikuwa na mtu. Nikaingia naye, nikamsukuma chini ya kiti na kukaa na wenzangu waliokuwa wakisubiri. Kijana mmoja mwenye tai, Kipruto, aliniambia bila kuulizwa kwamba yeye ametoka benki. Nilimchukia papo hapo. Jina langu, Nyaruai, lilipoitwa niliogopa kumwachia mtu wa benki kuku, kwa hiyo nikaingia na kiondo.

Ndani walikaa wawili. Bwana Wabwile alikuwa mzee mnene mwenye macho ya upole. Mkubwa wa ofisi alikuwa Madam Deepika, mama wa Kihindi aliyezungumza Kiswahili cha Kitale kama changu. Aliuliza uzoefu wangu ni upi, nikamwambia.

"Miezi mitatu," akarudia. "Sasa sikia. Hapa mkulima atakuja, ng'ombe wake amekufa, na bima haimlipi. Wewe ndiye utamwambia hapana, na atoke hapa bila kutuchukia. Umewahi kumwambia nani hapana?"

Nilifungua mdomo nijibu. Kuku akapiga kelele. Kiondo kikatikisika, leso ikaanguka, na kichwa kikachomoza kututazama sote watatu. Bwana Wabwile aligeukia dirishani na kukohoa sana.

"Hiyo ni nini?" akauliza madam.

Hasira yote ya siku zile ikanitoka kwa mkupuo. "Ni kuku, madam. Mama alisema Bungoma mtu haendi bila kuku. Nilimwambia ni makosa. Hasikii."

"Mimi sili nyama. Kwetu hata yai haliingii jikoni. Na ofisi hii haipokei zawadi."

"Lakini madam," akasema Bwana Wabwile, "kwetu mgeni harejeshwi na kuku wake. Ni kama umemfukuza."

Niliona kazi inaniponyoka hivi hivi. Machozi yalikuwa karibu. Madam Deepika aliweka kalamu chini.

"Mpigie mama yako. Weka spika. Mwambie kuku anarudi, nikusikie ukisema hapana."

Nilipiga. Mama alipokea kabla simu haijalia vizuri. "Wamempenda?"

"Mama, salamu zako zimefika, na wameshukuru. Lakini mkubwa wa hapa hali nyama. Nitarudi na kuku jioni."

"Hali nyama? Kwani anakula nini? Nitatuma avokado."

"Hapana, mama. Hata avokado moja. Ukituma, mimi ndiye nitakosa kazi."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo maishani. Nikadhani nimeshinda.

"Hebu nipe huyo mama simu," akasema.

Madam Deepika alitabasamu kama mtu anayemaliza kazi ndogo. "Mama Nyaruai, msichana wako amesema ukweli. Hatuchukui kitu."

"Nimesikia, nimesikia. Wewe ni wa wapi?"

"Kitale."

"Kumbe jirani! Na mama yako yuko?"

"Yuko, lakini magoti yanamsumbua."

"Hiyo ni baridi. Jumapili nikitoka kanisani nitaenda kumwona. Huko si ofisi, ni watu na jirani yao. Ama nimekatazwa kumsalimia mzazi?"

"Hapana, lakini..."

"Basi. Avokado anakula?"

"Anakula," akasema Madam Deepika, na uso wake ukashangaa kujisikia ukisema hivyo.

Aliikata simu mwenyewe. Akanirudishia. "Umeishi naye maisha yako yote?"

"Yote, madam."

Aliniambia nikasubiri nje. Wengine waliingia wakatoka, Kipruto akitoka na tai yake imenyooka vilevile, nami nikikaa na kuku miguuni nikijilaani. Mwishowe Bwana Wabwile alikuja akasimama mbele yangu.

"Unaanza Jumatatu," akasema. "Madam anasema mtu aliyelelewa na huyo mama, hakuna mkulima atamshinda."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nikiwa nje kando ya barabara, nikibonyeza namba ya mama. Alipopokea nilimwambia kwa kelele kwamba nimepata, nimepata kazi ya ofisi, naanza Jumatatu. Nilingoja vigelegele. Havikuja.

"Mama? Uko?"

"Niko." Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Nilikuwa nimeogopa, mami. Watoto wa wengine wakiitwa kazi, kuna mjomba amepiga simu mbele, kuna mtu wa kanisa anajuana na mkubwa. Mimi sikuwa na mtu wa kukusemea huko. Nilikuwa na kuku tu."

Nikalia palepale Kanduyi mchana kweupe, kuku kwapani, watu wakinipita wakigeuka kutazama, na sijawahi kufurahi namna ile.