Fundi wa Mnara Alipokuwa Watano

Jumanne saa nne asubuhi, fundi wa kompyuta wa mnara wa kuongozea ndege alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anafuta vumbi kwenye nyaya, mashine kubwa ilipozimika. Ndiyo hiyo hiyo iliyofanya kila kitu: kuzifuata ndege, kupima umbali, kuonya zinapokaribiana. Ilifungiwa ofisini kwa mkurugenzi, na ufunguo alitembea nao mwenyewe, maana bwana yule alipenda vitu vyote vikae mahali pamoja anapoviona. Saa hiyo alikuwa kwa kinyozi.

Mara tatu fundi alikuwa ameandika ripoti kuomba kazi igawanywe kwa kompyuta tano ndogo, kila moja na kipande chake cha anga, moja ikigoma nyingine ziishikie zamu. Kwenye sufuria moja, aliandika, chakula kikiungua nyumba nzima inalala njaa. Ripoti zote zilirudi na muhuri: "Imeonekana."

Angani kulikuwa na ndege tano, na katika mojawapo alikuwamo mama yake mzazi. Fundi aliogopa kwelikweli. Akainuka, na alipomaliza kuinuka walikuwa watano, wote na vumbi magotini. Karani wa zamu akaongeza vikombe vinne. Kila fundi alivuta kiti, akashika redio, akachukua ndege yake. Mmoja alipopaliwa na chai, wa pembeni akaidaka ndege yake bila hata kugeuka.

Zote zikatua. Mama akapanda ngazi akihema, akaamkiwa shikamoo mara tano, akaitikia mara tano.

"Mmekonda nyote," akasema. "Kwani hamli?"

Mkurugenzi akarudi amenyolewa vizuri. Fundi wa tatu akamweleza kuwa mashine ilizimika, na wenzake wanne wakathibitisha.

"Kuna ndege iliyopata shida?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi mashine moja inatosha. Tutaleta kubwa zaidi."

Mafundi wakapandwa na hasira wote kwa pamoja, kisha wakacheka, maana mama alikuwa mzima na anawafunga vifungo vya shati mmoja mmoja.

Mashine mpya ikaja, ikafungiwa palepale. Ilizimika Jumatatu, Jumatano, na Alhamisi mara mbili. Ndege zote zilitua salama, na mwisho wa mwezi mashine ikatunukiwa cheti cha utumishi bora. Mafundi watano waliipigia makofi.