Mwaka Korongo Walipoongoza Ligi

Hollis Tveit alikuwa mdakaji wa besiboli, yule anayechutama nyuma ya mpigaji tangu mchezo uanze hadi uishe, mpira ukimjia usoni kila dakika. Warushaji aliowadakia walikuwa wengi, na baadhi yao sasa walikuwa mastaa, picha zao zikiwa kwenye maboksi ya nafaka madukani. Yeye alibaki Cedar Bend, Iowa, Marekani, na timu ya Korongo, ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Korongo walikuwa mali ya timu moja kubwa ya ligi kuu, na timu kubwa ikipungukiwa na mtu, ilichukua huku. Walichukuliwa wengi. Hollis hakuwahi kuchukuliwa. Magoti yake yalikuwa yamezeeka kumzidi mwenyewe: asubuhi alishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, kashika ukuta, na mkewe Joleen alijifanya haoni.

Mwezi wa nne, theluji ikiwa bado imejikunyata kwenye kivuli cha uzio wa uwanja, Joleen alilisema lile lililokuwa moyoni.

"Cheza mwaka huu, halafu basi. Tuelewane, Hollis."

"Halafu basi."

"Mwaka jana uliniambia hivyohivyo."

"Mwaka jana nilikuwa nakudanganya."

Joleen alicheka bila kutaka, akamchapa na kitambaa cha kufutia vyombo.

Majira hayohayo aliletwa Eliseo Burgos, mdakaji chipukizi kutoka Chinandega, Nikaragua. Alifika na koti la kuazima, Kiingereza chake cha kuokoteza, hana ndugu wala jamaa mjini hapo. Kocha Lyle Mazur alimshika bega akamsukuma kwa Hollis. "Mfundishe," alisema, akaondoka haraka. Kila mtu alielewa. Ukimfundisha mtu kazi yako, unampimia kiti chako mwenyewe. Hollis naye alielewa. Lakini kijana alikuwa akitetemeka kwa baridi, na Hollis akampeleka nyumbani.

Walimpa chumba cha chini. Chumba kile kilikuwa kimepakwa rangi ya njano miaka kadhaa nyuma, kwa ajili ya mtoto ambaye hakufika, na tangu hapo kilikuwa cha kuwekea masanduku. Joleen aliyatoa masanduku yote siku moja, peke yake, akatandika kitanda. Eliseo alikula viazi vya Joleen vya kuoka na nyama ya kusaga akivimwagia pilipili hadi machozi yakamtoka, akasema ni vitamu, ila vinahitaji maombi. Hollis alimwita dogo. Eliseo alimwita babu.

"Babu! Amka! Leo unacheza au tunakuzika?"

"Nikifa utabeba wewe jeneza, dogo, na nitahakikisha ni zito."

Uwanjani Hollis hakumficha kitu. Alimfundisha kuzuia kwa kifua mpira unaodunda mavumbini, asiukimbie kwa uso. Alimfundisha kuongea na mrushaji aliyepaniki. "Huyo ni farasi aliyesikia radi," alimwambia. "Usimpigie kelele. Mwendee polepole, muulize usiku atakula nini." Eliseo alimeza kila neno. Kufika mwezi wa sita alikuwa akifanya mambo ambayo Hollis aliyajua kwa kichwa tu, kwa sababu mwili wake haukuwahi kuyaweza. Kuna siku kijana alimtoa mchezoni mkimbiaji aliyekimbilia kituo cha pili, kwa kurusha mpira akiwa bado amepiga magoti, na Hollis, akiwa benchi, akajikuta amesimama, mikono juu, akipiga ukelele kama mzazi kwenye sherehe ya shule. Alipoketi alihisi kitu kama wivu kimemchoma chini ya ubavu. Hakukitazama.

Na Korongo wakaanza kushinda. Walikuwa wameanza vibaya, wakipigwa huku na huku, halafu ghafla kila kitu kikashika. Wazee waliokuwa wameapa hawatakanyaga tena uwanjani walirudi na mito yao ya kukalia. Mwenye duka la mikate alitundika bendera ya timu juu ya tanuri. Wakati mahindi yamepita kimo cha mtu, Korongo walikuwa kileleni mwa ligi, na Hollis alikuwa akipiga mpira kwa gongo lake vizuri kuliko mwaka wowote wa maisha yake.

Ndipo, katikati ya mwezi wa nane, mdakaji wa timu kubwa akavunjika dole gumba.

Habari zilifika chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mazoezi. Skip Odom, mrushaji mwenye mdomo, alipanda juu ya benchi.

"Jamani, nani ana suti ya kumwazima mzee? Huko anakokwenda hawapandi ndege na suruali ya kazi!"

Wakammwagia Hollis ndoo ya barafu kichwani. Eliseo akamrukia mgongoni, akimpiga mabegani: "Babu anakwenda! Babu wangu anakwenda!" Hollis aliwaambia wanyamaze, hakuna aliyeambiwa lolote. Lakini uso wake uliwaka alipokwenda kwenye simu ya ukutani kumpigia baba yake.

Arvid Tveit alilima ngano Dakota Kaskazini, na maneno aliyahesabu kama mbegu. Kila Krismasi alimwuliza mwanawe neno moja kuhusu ligi kuu, "Bado?" na mwanawe alimjibu, "Bado, Baba." Tangu Hollis aanze kulipwa kwa kucheza, mzee hakuwahi kumwona uwanjani, maana msimu wa mchezo na msimu wa shamba ni mmoja.

"Baba, mdakaji wa timu kubwa amevunjika dole."

Nyuma ya mzee injini ilikuwa ikinguruma.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Sijaambiwa rasmi. Ila hakuna mwingine."

"Nakuja."

"Baba, si mko katikati ya kuvuna? Subiri kwanza nithibitishe..."

"Ngano itasubiri," alisema Arvid, mtu ambaye hakuwahi kusema hivyo hata mkewe alipokuwa akizikwa. Akakata simu.

Kesho yake mchana kocha alimwita Hollis ofisini na kufunga mlango. Mazur alikuwa mtu wa kutafuna mbegu za alizeti na kutema. Siku hiyo hakutafuna kitu.

"Keti."

"Nitasimama, kocha. Nikiketi kuinuka ni kazi."

Mazur hakucheka. "Wameniuliza, nikawaambia wewe. Nataka ulijue hilo. Nimewaambia mara mbili."

Hollis alivua kofia.

"Wanamtaka Eliseo."

Nje kuna mtu alikuwa akipiga mipira ya mazoezi, ta, ta, ta, na kila pigo Hollis alilisikia vizuri sana.

"Ana miaka ishirini na moja," alisema Hollis, kama mtu anayetaja bei.

"Ndiyo hiyo sababu yao. Sikiliza, nakuhitaji hapa. Tuko kileleni. Tunaweza kuchukua kombe."

"Sawa."

"Na jambo jingine." Mazur aliangalia meza. "Mimi nikimwambia hatanielewa. Atadhani namfukuza. Wewe anakusikia."

Hollis akafungua mlango, akatoka.

Alimkuta Eliseo amekaa peke yake kwenye ngazi za uwanja, akishona kamba ya glovu. Kijana aliinua uso uliojaa meno.

"Wamekwambia? Ndege saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Kafungashe."

"Nikufungashie? Una mikono yako, babu!"

"Si mimi, dogo. Ni wewe."

Tabasamu halikumtoka Eliseo mara moja. Lilibaki pale usoni kama mgeni asiyejua aondokeje. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Wamekosea. Nitawaambia wamekosea."

"Hawajakosea."

"Siendi. Nitasema naumwa. Nitasema mkono..."

Hollis alimkamata kola akamwinua kwa nguvu ambayo hakujua anayo. "Ukisema unaumwa nitakuvunja huo mkono mwenyewe, iwe kweli. Unanisikia? Mama yako huko Chinandega amekuleta uje kunionea huruma mimi? Utapanda ndege. Utachutama nyuma ya mpigaji, na mpira ukidunda, unaweka nini?"

Eliseo alikuwa akilia waziwazi, kamasi zikimtoka. "Kifua."

"Unaweka kifua. Basi. Nenda."

Kijana akamkumbatia. Hollis alisimama, mikono imening'inia, na hakuweza kuinyanyua.

Joleen ndiye aliyempeleka Eliseo uwanja wa ndege. Hollis alibaki kwa sababu jioni kulikuwa na mchezo, na kwa sababu baba yake alikuwa njiani.

Arvid alifika jua likielekea kuzama, gari zima limepauka vumbi. Alikuwa amevaa suti yake moja, ya kanisani, na kuchana nywele kwa maji. Hollis alimwona kutoka mbali, getini, akimwambia mkata tiketi jambo fulani, na mkata tiketi akampa mkono. Hollis alijua anachosema: kwamba yeye ni baba yake Hollis Tveit.

"Baba."

"Nimechelewa? Barabara ilikuwa na malori."

"Hujachelewa." Hollis alikuwa tayari amevaa vifaa vyake vyote, ngao ya kifua na za miguu. "Baba, wamemchukua yule kijana. Yule anayekaa kwangu."

Arvid akamtazama. Kisha akautazama uwanja, majani yaliyokatwa vizuri, watu wanaonunua soseji na mikate. Mkono wake ulipanda hadi kwenye tai, ukailegeza, halafu ukaikaza tena.

"Wewe leo unacheza?"

"Nacheza."

"Basi ngoja nikae."

Alikaa nyuma tu ya wavu. Hollis alicheza vizuri usiku ule. Hakukosa mpira hata mmoja, akapiga mpira uliowaletea Korongo pointi mbili. Mtangazaji alipoutangazia umma kwamba Eliseo Burgos amekwenda ligi kuu, uwanja mzima ulisimama kushangilia, na Arvid, asiyejua wanashangilia nini, akasimama pia na suti yake, akipiga makofi kuelekea kwa mwanawe. Hollis alivuta barakoa ya chuma ya mdakaji usoni kabla ya wakati wake.

Asubuhi mzee alirudi kwenye ngano. Kabla ya kuwasha gari alisema, "Nimekuona ukicheza." Hakuongeza kitu, na Hollis hakujua kama ni pongezi au ni kwaheri.

Kombe hawakulipata. Korongo walifika fainali wakiwa wamechoka, warushaji wawili zaidi wamechukuliwa na timu kubwa, na walipoteza mchezo wa mwisho nyumbani, kwenye mvua nyepesi, kwa pointi nyingi kiasi kwamba watu walianza kuondoka mapema. Mpigaji wa mwisho wa mwaka alikuwa Hollis. Alikosa mpira wa tatu, ule wa kumtoa mchezoni, akasimama pale na gongo lake mpaka mwamuzi akamwambia kwa upole, "Twende, kaka, tunalowa."

Alitimiza ahadi yake kwa Joleen. Walihamia Dakota, nyumbani kwa Arvid, kusaidia shamba. Eliseo alikuwa akicheza kila siku sasa, na magazeti yalianza kumwandika. Kila Jumapili alipiga simu. Kila Jumapili Joleen alipokea.

"Anauliza kama unaumwa," alisema siku moja, ameziba simu kwa kiganja.

"Mwambie niko shambani."

Hollis alikuwa amesimama palepale, kikombe cha kahawa mkononi.

"Hollis. Mtoto analia."

Hollis akatikisa kichwa. Joleen akamgeuzia mgongo, akamdanganya Eliseo kwa sauti ya upole, akamwuliza kama anakula vizuri, kama amenunua koti zito. Alipoweka simu hakumgombeza mumewe.

"Nikiisikia sauti yake nitafurahi kwa ajili yake," alisema Hollis. "Sitaki kufurahi bado, Joleen. Siwezi."

Joleen alikichukua kikombe chake kilichopoa. Nje Arvid alikuwa akiwasha trekta. Halikuwaka, akajaribu tena.