Ndala ya Mama Lulu

Kwaruu. Kimya. Kisha kwaruu tena, polepole, kama mtu anayesukuma mfuniko wa sufuria kwa adabu.

Apolonia alifungua macho gizani. Hakuhitaji taa kumjua mgeni. Alikuwa Sultani, paka wa Bi Mwanaharusi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta hapa Kerege. Paka huyo alikuwa na mkia uliokatika nusu na imani timilifu kwamba kila samaki anayekaangwa mtaani ni sadaka yake. Adhana ya alfajiri bado, na yeye ameshafika kwenye vibua.

Zamani sauti ile ingetosha. Na zamani yenyewe si ya mababu, ni kabla ya Kwaresima tu. Apolonia angepapasa chini ya kitanda, angeshika ndala na kuivurumisha gizani huku akimtaja Sultani na ukoo wake mpaka kwa chui. Ndala zake zilikuwa na sifa moja: hazikuwahi kumpata paka. Moja ilivunja kioo cha kabati. Nyingine ilimpata mumewe, Pazi, aliyekuwa akirudi kutoka msalani kwa kunyata ili asimwamshe mtu. Mchana nako zilipata kazi. Zilimrukia kuku, zilimrukia mtoto wao Lulu akimwaga uji, ziliirukia hata redio ilipokuwa inakoroma katikati ya taarifa ya habari.

Alfajiri hii hakupapasa kitu. Alikuwa na mawazo mazito kuliko vibua. Aliinuka, akamnyanyua Sultani kwa tumbo, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mmoja umeshapata, baba. Wengine waachie wenyewe." Akamtoa nje, akaweka kinu juu ya mfuniko, akarudi kitandani kuendelea kuhuzunika.

Kilichomhuzunisha ni ushuhuda.

Katika jumuiya yao, ile ya waumini wachache wanaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, kulikuwa na desturi. Anayepewa kazi husimama kwanza mbele ya wenzake na kueleza jinsi Mungu alivyomkuza. Mama Editruda, mwenyekiti, alikuwa amemteua Apolonia awafundishe watoto dini. Na Apolonia aliitaka kazi ile. Hakuwahi kutaka kitu namna hiyo tangu alipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, tumbo la Lulu likigusa dawati. Lakini Jumamosi hii zamu ya sala ilikuwa kwake, ushuhuda ulikuwa wake, na yeye kila akijipekua moyoni hakuona kilichoota humo.

Wenzake walikuwa na shuhuda za maana. Baba mmoja aliacha gongo kabisa, hata yule aliyekuwa akimuuzia akaenda kumuulizia hospitali akidhani amelazwa. Ule ndio ushuhuda. Apolonia hakuwahi kuonja gongo maisha yake yote, na wiki ile alijuta kidogo.

"Kama sina la kusema, kazi nitaikataa," alimwambia Pazi. "Siwezi kwenda kuwakuza watoto wa watu na mimi mwenyewe nimedumaa."

Pazi ni fundi wa dari za jipsamu. Alimjibu kwamba yeye akitaka kujua kama dari imenyooka hushuka ngazi akaitazama kwa mbali, haikwei na kuikodolea macho puani. Apolonia akamwambia hayo ni mambo ya jipsamu.

Basi akafanya alichokizoea tangu masomo ya jioni: mtihani ukikaribia, unabukua. Jumatatu aliamka kabla ya majogoo, akapiga magoti mkekani, akaanza sala ndefu kwa ajili ya dunia nzima, nchi moja moja. Alifika Msumbiji. Pazi alimkuta amelala hapo hapo, na siku nzima wateja wake wa vitumbua kando ya barabara walimuuliza ameumwa na nini, maana shavu lilikuwa na mistari ya mkeka kama kachori iliyopigwa mhuri. Kesho yake akaamua kusoma Waraka kwa Warumi huku anasonga ugali. Warumi walipanda vizuri, ugali ukashuka na moshi. Kisha akafunga. Kufunga huku unakaanga vitumbua ni jambo la kutafakari upya. Saa tano asubuhi alijikuta mdomo umejaa, akajitetea mbele ya Mungu kwamba alikuwa anaonja sukari. Vitumbua vitatu, vyote vilionjwa sukari.

Alhamisi jioni, akiwa amekata tamaa kabisa, mlangoni akaingia Bi Mwanaharusi na bakuli lililofunikwa kawa.

Apolonia akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanaharusi akaketi, akafunua bakuli. Ulikuwa uji wa pilipili manga, ule mzito wanaopikiwa wazazi, na harufu yake ilimfanya hata Lulu apige chafya kule uani. Bibi akasogea karibu, akashusha sauti. "Niambie mimi. Miezi mingapi?"

Apolonia akauliza miezi mingapi ya nini.

Ikabidi bibi aeleze. Mtaa mzima una wasiwasi. Sauti ya Mama Lulu haisikiki tena, si alfajiri wala mchana. Shufaa wa dukani anasema ni mimba, ya pacha, ndiyo maana pumzi haitoshi kwa kelele. Jirani Hija anasema hapana, ni ugomvi wa ndani, mtu na mumewe wamenuniana. Mzee Kombo ana hakika ni koo, na ameshataja mizizi. Bi Mwanaharusi mwenyewe alisimama kwenye mimba, lakini kwa pacha alikuwa bado hajaafiki.

"Sina mimba, bibi. Naapa."

"Umeumwa?"

"Sijaumwa."

"Sasa mbona umekuwa hivyo?" Bibi alimtazama kwa huruma na lawama kidogo. "Mimi ulikuwa ukipiga kelele ile ya alfajiri, ndiyo naamka nasali. Muadhini ninamsikia kwa mbali, masikio yameshachoka, lakini wewe nilikuwa nakusikia vizuri sana. Tangu umenyamaza, alfajiri imenipita mara nyingi. Na Sultani anarudi nyumbani na samaki mzima mdomoni, hana hata haraka. Nikasema, huyu mtoto kapatwa na jambo."

Apolonia aliomba radhi, ingawa hakujua anaomba radhi ya kitu gani. Alimwahidi kwamba atakuwa anamgongea ukuta taratibu alfajiri. Bibi akaridhika, akamwambia anywe uji wote, mimba au si mimba, kisha akaondoka akitikisa kichwa. Apolonia akaunywa huku machozi ya pilipili yakimtoka. Aliona sasa hata majirani wamegundua kwamba amepungukiwa na kitu. Amepoa. Wengine wanawaka kwa imani, yeye ndiyo kwanza anazimika.

Jumamosi ikafika. Apolonia alitandika mikeka sebuleni, akachemsha chai, mihogo ikaiva, na vibua vya kukaanga vikakaa kwenye sufuria kwenye kona, chini ya mfuniko. Kinu alikisahau uani.

Wanajumuiya wakaingia mmoja mmoja. Jambo moja lilimshangaza. Siku zote watu huvua viatu mlangoni, vikawa lundo. Leo mlangoni palikuwa peupe. Mama Editruda alivua makubazi yake, akayatia chini ya makalio, akayakalia. Aliyemfuata akayafunga ya kwake kwenye ncha ya kanga. Mzee Ishaka, katekista, alivificha viatu vyake nyuma ya mgongo na kuketi pembeni kabisa, kofia ameishika kwa mkono. Apolonia alikumbuka, akaona aibu. Mara ya mwisho waliposali hapa, katikati ya Salamu Maria, kiatu kilichokusudiwa paka kilimvua Mzee Ishaka kofia hiyo hiyo. Na hakikuwa hata kiatu cha Apolonia, kilikuwa cha Mama Editruda.

Wakaimba, wakasali. Mzee Ishaka akaanza kusoma Injili. Alikuwa kwenye mbegu ile iliyoanguka penye udongo mzuri, ndipo kwenye kona ikasikika.

Kwaruu.

Sauti ya Mzee Ishaka ikafifia. Mama Editruda akainama taratibu mpaka paji la uso likagusa mkeka. Baba aliyeacha gongo akajifunika kichwa kwa kitabu cha nyimbo. Ndani ya pumzi moja jumuiya nzima ilikuwa imelala kifudifudi, na mtu akipita dirishani angedhani Roho Mtakatifu ameshuka kwa nguvu zote.

Aliyebaki ameketi wima ni Apolonia. Na Sultani, mwenye kibua mdomoni.

Apolonia akainuka. Mtu mmoja akanong'ona, "Yesu wangu." Yeye akavuka migongo ya watu kwa uangalifu, akamnyanyua Sultani kwa tumbo, akamwambia, "Baba, subiri kwanza Injili iishe," akamtoa nje pamoja na kibua chake, kwa kuwa kilikuwa kimeshatiwa meno. Akafunika sufuria. Akarudi mahali pake, akamwomba Mzee Ishaka aendelee.

Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Mzee Ishaka alimtazama muda mrefu, kisha akaiweka kofia yake chini, mkekani, mahali pa wazi. Akamalizia somo.

Ndipo Mama Editruda akasema, sasa ni ushuhuda.

Apolonia akasimama. Alisema anaomba radhi. Amejitafuta wiki nzima, amesali akasinzia, amesoma akaunguza, amefunga akaonja. Hakuona kilichokua. Watoto wanastahili mtu aliyekomaa, na yeye, kusema kweli, hana la kushuhudia, kwa hiyo ile kazi bora ipewe mtu mwingine.

Mama Editruda alimtazama, akatazama kona yenye sufuria, akamtazama tena. Midomo ikaanza kumcheza. Polepole akanyanyuka kidogo, akayatoa makubazi yake chini ya makalio, akaenda kuyaweka mlangoni. Mwenzake akafungua ncha ya kanga. Mzee Ishaka akavipitisha vya kwake kwa mkono. Viatu vikatembea kutoka mtu hadi mtu mpaka lundo likawa lundo, na Apolonia amesimama palepale, haelewi, akidhani wanajiandaa kuondoka.

Lulu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mwingine nje, anamkuna Sultani kichwani. Alilitazama lile lundo la viatu, akamtazama mama yake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama siku hizi harushi ndala."